Gradienti imetoka mistari, imepauka au imekuwa tope? Tafuta dalili yako hapa

Watu wengi wakitengeneza posta au wakichora mbingu wanachagua rangi mbili kali, moja huku moja kule, halafu katikati wanamwachia Mungu. Ukifuatilia malalamiko ya gradienti, yani rangi inayotoka kukolea ikaenda kufifia au inayogeuka nyingine taratibu, karibu yote hayatoki kwenye zile rangi mbili, yanatoka pale katikati ambapo hakuna mtu aliyekaa akapachagua. Hapa nimepanga kwa dalili, chukua yako ruka zingine, na za kompyuta nimezirefusha maana ndo zinaulizwa sana.

Kwanza kabisa, jua ugonjwa uko wapi

Usianze kurekebisha kabla hujajua kama shida iko kwenye faili, kwenye skrini, au kwenye macho yako. Fungua faili lilelile kwenye simu nyingine. Kama huku mistari ipo na kule haipo basi faili lako ni zima, skrini ndo ina shida, maana laptop nyingi za bei ya chini paneli zake zinaonyesha hatua 64 tu kwa kila rangi badala ya 256, hizo zinazobaki zinaigizwa kwa kubadilisha pikseli harakaharaka ili jicho lidanganyike, na kwenye mbingu ya giza udanganyifu huo unajulikana mara moja.

Kama mistari ipo kila unapofungua, chukua kile kidude cha kunyonya rangi, gusa mstari mmoja, soma namba zake, gusa wa jirani, soma tena. Namba zikitofautiana kwa 1 tu, faili limefika mwisho wa uwezo wake, hakuna aliyelikosea. Zikirukana kwa 4 au 5, hapo kuna mtu kalibana sana wakati wa kuhifadhi, au kavuta kontrasti baada ya gradienti kuwa tayari. Ni matatizo mawili tofauti na dawa zake tofauti.

Dalili: badala ya rangi kuteleza, unaona mistari kama ngazi

Kompyuta inatoa hatua 256 kwa nyekundu, 256 kwa kijani, 256 kwa bluu, ukizizidisha unapata rangi kama milioni 16.7, sasa mtu akisikia hivyo anauliza mistari inatokea wapi. Inatokea kwa sababu gradienti yako haitumii hizo milioni zote, inatumia zile chache zilizopo kati ya ncha zako mbili. Ukiweka bluu ya giza yenye thamani 10 upande mmoja na 40 upande wa pili, una hatua 30 tu, na bango lako lina upana wa pikseli 1920, kwa hiyo kila hatua inatandazwa kwenye pikseli 64. Hizo ni ngazi kweli, jicho halijakosea.

Halafu jicho lenyewe linaongeza chumvi. Ernst Mach alilieleza hili tangu 1865, kwamba pale vivuli viwili vinavyokaribiana vinapokutana, upande wa mwanga unaonekana kung'aa zaidi mpakani na upande wa giza unaonekana kukolea zaidi, wakati ukipima kwa kifaa hakuna kitu kama hicho. Ndo maana tofauti ya hatua 1 tu, ambayo kwa akili ya kawaida mtu asingeiona, inakaa pale kama mstari uliochorwa. Jaribu kuweka penseli juu ya mpaka wenyewe uufunike, unaweza ukashindwa kabisa kutofautisha upande huu na ule.

Dawa ya kwanza na ya bei rahisi ni kuweka noizi, zile chembechembe, asilimia 1 au 2 juu ya gradienti. Watu wanaogopa wanasema picha itachafuka, haichafuki, unachofanya ni kuvunja ule mpaka ulionyooka ili jicho likose mstari wa kushika. Ikigoma, vuta ncha zako mbali zaidi, badala ya 10 mpaka 40 nenda 5 mpaka 80. Na kuna ujanja wa tatu ambao mimi naupenda kuliko zote, usibadilishe mwanga peke yake, badilisha na rangi kidogo, juu bluu ya giza chini bluu inayoelekea zambarau, kwa sababu hapo nyekundu, kijani na bluu kila mmoja anapanda hatua yake sehemu tofauti na wengine, mipaka inatawanyika, ngazi zinapotea zenyewe.

Kama kazi ina mambo mengi ya kuvuta kontrasti na kubadilisha mwanga, fanyia kwenye biti 16 tangu mwanzo (biti 8 ndo zile hatua 256 kwa kila rangi, biti 16 zina maelfu), kisha ukimaliza ndo ushushe. Lakini kuchukua picha iliyokwisha katika biti 8 ukaihamishia biti 16 hakurudishi kitu, hatua zilizopotea zimepotea.

Namba zikirukana kwa 4 au 5, angalia umehifadhi vipi. JPEG inaikata picha kwenye viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kila kiboksi inakirahisisha, na sehemu inayoumia kwanza ni hizi laini laini, mbingu, ukuta, mandhari ya nyuma ya posta. GIF ndo usiitumie kabisa kwa gradienti, ina rangi 256 kwa picha nzima, siyo 256 kwa nyekundu, 256 kwa kijani na 256 kwa bluu. Na posta ukimtumia mteja kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama picha inabanwa njiani halafu mteja anakupigia simu anasema kazi yako ina mabaka. Ile noizi niliyosema, kama posta inaenda kubanwa na mtandao ongeza kidogo zaidi, maana kubanwa kunafuta chembechembe ndogo kabla ya kitu kingine chochote.

Dalili: katikati pamekuwa kijivu, au kama tope

Hii ndo dalili yangu pendwa, na mfano mzuri ni posta za dabi. Simba nyekundu kushoto, Yanga kijani kulia, mtu anavuta gradienti kutoka huku mpaka kule, na katikati, pale hasa anapotaka kuweka saa ya mechi, panatokea rangi ya matope. Programu haijaharibika. Imechukua nyekundu ambayo ni 255, 0, 0 na kijani 0, 255, 0, ikapiga wastani, ikapata 128, 128, 0, na hiyo ni rangi ya mzeituni iliyolala. Ukifanya bluu kwenda njano ndo mbaya kabisa, 0, 0, 255 na 255, 255, 0 katikati yake ni 128, 128, 128, kijivu kitupu, kama simenti.

Sababu yenyewe ni kwamba rangi zinazokaa pande mbili tofauti kwenye duara la rangi, ukizivuta kwa mstari mnyoofu, mstari huo unakatisha katikati ya duara, na katikati ya duara hakuna rangi, kuna kijivu. Kwa hiyo usikatishe, zunguka. Weka kituo cha tatu katikati uchague mwenyewe. Kwenye dabi jibu liko kwenye jezi zenyewe, Yanga wana njano, Simba wana nyeupe, pitisha nyekundu kwenye njano kisha iende kijani, au ipeleke kwenye nyeupe halafu irudi. Au acha gradienti kabisa ukate kwa mshazari, timu mbili zinazogombana hazina sababu ya kuyeyukiana. Angalia bendera ya Tanzania, kijani, nyeusi na bluu hazijaachwa ziparamiane hivihivi, kuna mistari ya njano inazitenganisha, na inasomeka ukiwa mbali sana.

Wanaotengeneza tovuti wana njia nyepesi siku hizi. Kuna mfumo wa kupimia rangi unaoitwa Oklab, aliutoa Björn Ottosson mwaka 2020, umepangwa kwa jinsi macho yanavyoona badala ya jinsi skrini inavyowaka, na CSS inaukubali, unaandika linear-gradient(in oklch, blue, yellow), hiyo oklch ni Oklab ileile iliyopangwa kwa duara la rangi, na katikati inazunguka duara yenyewe bila kupita kwenye simenti. Angalia tu inazungukia upande gani, kwa sababu oklch inaweza kukupeleka kwenye kijani wakati ulitaka waridi, hapo unaiambia ipite njia ndefu.

Dalili: nyeupe inafifia kwenda kutoonekana, lakini pembeni kuna masizi

Fupi hii. Baadhi ya programu zikisikia "isiyoonekana" zinaelewa nyeusi isiyoonekana, kwa hiyo rangi yako nyeupe ikiwa inafifia inasafiri kidogo kuelekea nyeusi ndo unaona kivuli kichafu. Weka ncha zote mbili rangi ileile, nyeupe na nyeupe, tofauti iwe kwenye uwazi tu, asilimia 100 huku na 0 kule.

Dalili: kwenye skrini ilikuwa moto, imechapishwa imekufa

Skrini inawasha taa, printa inapaka wino, na wino hauwaki. Bluu ya umeme, kijani kibichi kinachong'aa kama taa ya klabu, waridi kali, hizo wino nne za kawaida, yani siani, majenta, njano na nyeusi, hazizifikii. Kwa hiyo printa inachukua ile ya karibu, na kwenye gradienti inakuwa mbaya zaidi kwa sababu ncha nzima inabanwa kuwa rangi moja, sehemu ambayo ilikuwa inateleza inageuka bapa. Badili faili kwenda CMYK, yani mfumo wa hizo wino nne, mapema, kabla mteja hajaipenda ile ya skrini.

Bluu ikitoka zambarau, punguza majenta. Fundi wengi wa uchapishaji watakuambia iwe chini ya siani kwa pointi 30 hivi na mimi nakubaliana nao. Na gradienti inayotoka nyekundu kwenda nyeusi, ukiona katikati pamepauka kama pamefunikwa vumbi, ni kwa sababu ile nyeusi yako ina wino mweusi peke yake, sasa wakati nyekundu inapungua na nyeusi haijaongezeka vya kutosha panabaki uwazi. Mpe mweusi nyekundu ndani yake, majenta na njano zisishuke mpaka sifuri, ziende pamoja na nyeusi mpaka mwisho.

Ncha nyeupe nayo ina kisirani chake. Vitone vya wino vikishakuwa vidogo sana baadhi ya mashine haziwezi kuvishika, kwa hiyo badala ya kufifia polepole rangi inakatika ghafla unaona ukingo. Usishuke mpaka 0, simamia kwenye asilimia chache, au itoe hiyo ncha nje kabisa ya karatasi. Bango kubwa la barabarani usilipigie kelele sana, linatazamwa kwa mbali, mistari unayoiona ukiwa umeisogelea hakuna dereva atakayeiona.

Dalili: unachora kwa mkono, rangi zinagoma kuyeyukiana

Uliza kwanza unatumia rangi gani. Akriliki na rangi ya maji ya ukutani zinakauka ndani ya dakika, na kwa joto la Dar mchana wa Februari zinakauka hata kabla hujageuka, kwa hiyo unapopitisha brashi mara ya pili hauchanganyi tena, unapaka tabaka jipya juu ya lililokauka, na mstari unabaki. Nyunyizia maji ya ukungu mara kwa mara, fanya kazi kivulini, zima feni, gawa eneo ufanye kidogo kidogo, na zile dawa za kuchelewesha kukauka zipo, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya sanaa.

Rangi ya mafuta ina tabia tofauti kabisa. Wachoraji wa Tingatinga ndo waangaliwe hapa. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Dar, akafariki 1972, alikuwa anatumia rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya hadibodi, na michoro yake ya mwanzo mandhari ya nyuma ilikuwa rangi moja tu imetandazwa, mnyama ndo amebeba kazi yote. Hizi za leo zenye jua linazama, chungwa linapanda mpaka njano mpaka nyeusi juu ya twiga, zinawezekana vizuri kwa sababu ileile rangi inachelewa kukauka, unapaka mikanda ya rangi ikiwa mbichi, mmoja juu ya mwingine, kisha unapita mpakani kwa brashi kavu kwa kwenda na kurudi mpaka mpaka upotee. Siri iko kwenye brashi kuwa kavu na safi. Ukiona katikati pamekuwa tope ujue brashi imebeba rangi ya juu ukaishusha chini ukairudisha tena, futa kwa kitambaa kila baada ya mapito mawili matatu, na siku zote anza upande wa rangi nyepesi kuelekea nzito, siyo kinyume.

Na hapa kwenye rangi ya kupaka hesabu za skrini hazifanyi kazi. Bluu na njano kwenye skrini ni kijivu, kwenye ubao ni kijani. Chungwa na bluu kwenye ubao ni kahawia. Kwa hiyo anayechora machweo kwa kufuata posta aliyoiona kwenye simu anajikuta na mbingu ya kijani na hajui imetoka wapi.

Wa spre nao wana yao. Michirizi inayotiririka maana yake umesogelea sana au umesimama sehemu moja, uso wa kukwaruza kama vumbi maana yake umekaa mbali mno na rangi inakaukia hewani, na duara linaloonekana maana yake unaanza kubonyeza ukiwa tayari juu ya kazi. Anza mkono ukiwa nje ya bodi, pita, maliza nje. Wale wanaochora matatu za Nairobi kwa brashi ya upepo wanajenga kivuli kwa mapito mengi mepesi, hakuna anayejaribu kumaliza kwa pito moja.

Dalili: mbingu yako haifanani na mbingu

Hapa sababu ni kwamba umechora mbingu kwa kumbukumbu. Karibu kila anayeanza anaweka bluu moja kutoka juu mpaka chini, au anaigeuza, nzito chini nyepesi juu. Toka nje mchana kweupe uangalie. Juu ya kichwa bluu imekolea, na kadiri unavyoshusha macho kuelekea upeo inapauka mpaka inakaribia nyeupe, kwa sababu ukitazama juu unapita hewa kidogo na ukitazama upeoni unapita hewa nyingi sana, na mwanga ukishatawanywa tena na tena rangi zote zinachanganyika zinarudi kuwa nyeupe. Lord Rayleigh ndiye aliyetoa hesabu yake mwaka 1871, mwanga wa bluu unatawanywa na hewa zaidi ya mara 4 kuliko mwekundu.

Jua likiwa linazama mwanga wake unapita hewa kama mara 38 ya ile ya jua la utosini, bluu yote imeshapotelea njiani, kinachofika ni chungwa na nyekundu. Sasa tatizo la wachoraji ni kuunganisha hiyo chungwa ya chini na bluu ya juu, ukiziunganisha moja kwa moja unapata kahawia au kijani, mbingu yenyewe haifanyi hivyo, katikati yake kuna mkanda uliopauka, njano iliyofifia inayoingia kwenye weupe au kwenye waridi kisha ndo bluu inaanza. Weka huo mkanda. Na kama unapiga picha za kuigia, ujue kwamba huku kwetu karibu na ikweta jua linazama karibu wima, toka litue mpaka giza linaingia ni dakika 20 na kitu, usisubiri kumaliza chai.

Milima ya mbali ni kanuni hiyohiyo, kila safu ya nyuma iwe nyepesi na ya bluu zaidi kuliko ya mbele yake. Bahari lakini ichunguze kabla hujaifanya gradienti. Ukisimama ufukwe wa mashariki wa Unguja, maji juu ya mchanga mweupe ni ya feruzi nyepesi kwa eneo refu, halafu pale mawimbi yanapovunjikia kwenye mwamba wa matumbawe rangi inakatika, nje ya hapo ni bluu nzito mara moja kwa kuwa kina kimeshuka ghafla. Aliyechora hapo kwa kuteleza polepole kachora bahari ya sehemu nyingine.

Vitu vya nyumbani na mtaani

Rasta za rangi mbili zikisukwa zikatokea mstari kama zimekatwa kwa panga, ni kwa sababu kila msuko umebadilika rangi kwenye urefu uleule. Vuta nyuzi zipishane kabla ya kuanza kusuka, nyingine zianzie juu kidogo nyingine chini.

Maandishi juu ya gradienti hayasomeki upande mmoja: pima kontrasti pale palipo pabaya zaidi, siyo pale panapokupendeza. Kiwango cha WCAG, ile miongozo ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote, ni 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa. Kama nyeupe inasomeka juu na inapotea chini, weka kivuli cha giza chini ya maneno au fupisha gradienti, kubadilisha fonti hakusaidii.

Mlango wa gari umepigwa rangi upya na hauoani na ubavu: namba ya rangi inaweza kuwa sahihi kabisa, ila rangi ya zamani imeshaliwa na jua. Fundi mzuri haishii kwenye ukingo wa mlango, anaififisha rangi mpya mpaka ndani ya paneli ya jirani halafu klia, ile vanishi angavu ya juu, inapigwa paneli nzima, jicho linakosa mahali pa kulinganisha. Ukimwambia apake mlango tu ili upunguze gharama, atapaka, na utaona.

Na zile posta za mitindo ya nywele kwenye saluni za vinyozi, zilizogeuka bluu zote, upande wa dirishani bluu tupu na upande wa ukutani bado kuna rangi ya ngozi. Jua linakula wino wa njano na majenta haraka, siani inavumilia zaidi na nyeusi inavumilia kuliko zote, ndo maana kinachobaki ni bluu na nyeusi. Laminesheni ya kawaida haizuii, labda iwe ile ya kukinga mionzi ya jua, na hata hiyo inachelewesha tu. Ihamishe ukuta usiopigwa na jua, au chapisha upya kwa wino wa pigmenti, yani wa unga wa rangi, ule wa dai (dye), wa rangi iliyoyeyushwa, kwenye printa za bei rahisi ndo unaokimbia kwanza.